Aliyepandishwa Hushuka

Habari za kifo cha Luhende zilinikuta Morogoro, nikiwa kwenye foleni ya dawa za presha. Mwalimu mwenzangu wa zamani wa shule ya msingi Ilembo, Mpanda, ambaye hunitafuta pale tu mtu anapofariki, aliandika kwenye simu kwamba yule rafiki yangu wa baiskeli amefariki na anazikwa kesho kwao Sibwesa. Nilitoka kwenye foleni bila dawa. Kutoka Morogoro mpaka Sibwesa siku moja haitoshi, na nilijua hivyo, lakini nilikata tiketi ya basi. Mke wangu aliniuliza Luhende ni nani. Tumeishi naye miaka kumi na tisa na hajawahi kulisikia jina hilo mdomoni mwangu. Nilimwambia ni mtu niliyemwacha njiani. Akadhani ni mafumbo yangu ya uzeeni, akanifungia mkate na mayai ya kuchemsha.

Mwaka niliokutana na Luhende nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Treni ya kutoka Tabora ilinishusha Mpanda na godoro, ndoo, na sanduku la vitabu ambavyo sikuja kuvisoma, nikapanga chumba mtaa wa Shanwe kwenye ua wa mzee mmoja wa Kipimbwe asiyependa kelele. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa nyumba ya jirani, karibu kiasi kwamba hata mchana niliwasha kibatari nikitaka kusahihisha madaftari. Upande wa pili wa ukuta wangu waliishi mtu na mkewe. Sura zao nilizichanganya na za wapangaji wengine, lakini sauti nilizijua barabara. Nilijua zamu za maji, nilijua mama mkwe anakuja lini na kwa nini mume hataki aje. Jioni moja nikamsikia mke akiuliza, taratibu, huyu ticha wa chumba cha pili huwa anaongea na nani. Mume, bila hata kuacha kutafuna, akasema haongei na mtu. Nilikuwa nimekaa kitandani na sahani ya wali mapajani. Sikuumia kwa kusengenywa, maana hakukuwa na uongo ndani yake. Niliumia kwa sababu aliyejibu hakuhitaji kufikiri.

Leo nikiwasikia vijana wakisema wanataka kuishi peke yao wapate amani, nacheka kimoyomoyo. Upweke wangu wa Mpanda haukuwa na amani yoyote. Asubuhi nilitembea mpaka Ilembo, nikafundisha hesabu darasa la sita na Kiingereza darasa la saba. Mchana nilikula kwa mama lishe nyuma ya stendi, ugali na samaki mgebuka wa kukaanga, siku zote kwenye benchi la mwisho, nikisikiliza watu wakipanga mambo ambayo sikuwamo. Walimu wenzangu walikuwa watu wazuri, ila kila mmoja alikuwa na shamba lake na watoto wake, na ikifika saa tisa walitawanyika. Walinisalimia vizuri sana. Mtu anaweza kusalimiwa vizuri miezi sita mfululizo na bado akalala anajisikia hayupo.

Kilichoniokoa, kama neno hilo linafaa, ni kwamba mwezi wa saba Ulaya ligi zimefungwa. Mama Siwema, mjane wa Kikonongo aliyekuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea mpira hatua chache kutoka kwangu, alikuwa na dishi, jenereta, mabenchi ya mbao, na wateja waliopotea mara tu mpira ulipokwisha. Mwaka ule akagoma kufunga. Alibonyeza rimoti yake iliyovalishwa nailoni mpaka akawakuta Wazungu wanaendesha baiskeli milimani, akaacha hapo hapo, akasema anayetaka atazame na asiyetaka akalale. Vijana wa mpira walitazama dakika kumi wakaondoka. Waliobaki walikuwa wanaume ambao mpira haukuwahi kuwaleta pale: wabeba mizigo wa baiskeli, wengi wao Wasukuma wanaolima na kufuga huko Sibwesa, ambao huleta mchele mjini na kurudi kesho yake. Waliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, wakakaa mbele, wakautazama ule mlima wa Wazungu jinsi fundi seremala anavyotazama kitanda kilichotengenezwa na fundi mwingine.

Mtangazaji alikuwa anasema Kiingereza. Siku ya pili Mama Siwema akaniita kutoka benchi la nyuma. "Wewe mwanangu si ticha? Hebu njoo hapa mbele utuambie huyu anasema nini." Nikapewa kiti cha plastiki, kiti pekee chenye mgongo mle ndani. Ukweli ni kwamba nilielewa nusu, na nusu nyingine niliitunga. Nilisema huyu wa fulana ya njano ndiye anayeongoza ukijumlisha siku zote, na hilo lilikuwa kweli. Nilisema huyu wa fulana ya madoadoa ndiye bingwa wa milima, nalo kweli, wakampa jina la Kanga. Lakini nilisema pia kwamba fulani ana homa tangu jana, na fulani amegombana na kaka yake, na watu walinyamaza wakanisikiliza. Kibanda kizima cha watu wazima kilinyamaza ili mimi niongee. Ambaye hajawahi kukaa muda mrefu bila kuulizwa chochote hawezi kuujua utamu huo, wala hatari yake.

Luhende alikaa kila siku pembeni ya kiti changu. Alikuwa mrefu, mkavu, na kovu la cheni kwenye shavu la mguu wa kulia, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayeijua kazi. Aliniuliza kwa nini hawana mizigo. Nikamwambia wanashindana tu. Akasema basi ni watu wazima wanacheza, akaegemea ukuta kama aliyekata tamaa. Lakini mlima ulipokaza, na mmoja akasimama juu ya pedeli huku uso umempinda na mdomo wazi, Luhende akajivuta mbele, akasema polepole, "Huyo sasa amebeba." Kuanzia hapo hakukosa jioni hata moja aliyokuwa mjini. Mbio zikiisha tulitoka pamoja, tukala mihogo ya kuchoma kwa mama wa pale kona, na akaniuliza habari zangu. Nilimjibu vibaya mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimesahau namna ya kujibu.

Kwao wabeba mizigo mlima ulikuwa na sheria. Kati ya Sibwesa na Mpanda kulikuwa na mlima waliouita Shuka Ukokote, na hakuna aliyeupanda peke yake na magunia mawili kwenye keria. Mnakwenda wawili. Baiskeli moja mnaiacha chini, mnaichukua nyingine, mmoja ameshika usukani na mwingine anasukuma kwa nyuma, mnaifikisha juu na kuiegemeza kwenye gongo. Halafu mnashuka kwa miguu kuifuata ile ya pili. Ya mnyonge hupanda kwanza. "Aliyepandishwa hushuka," Luhende aliniambia, akiwa anamenya mhogo, na akaendelea kumenya.

Sasa jioni ya mlima mkubwa wa kwanza, mshindi alipokwisha kufika kileleni na kupewa maua, kamera ikawaonyesha waliomaliza wakivaa makoti, wakigeuza baiskeli na kuteremka barabara ile ile, wakipishana na wale wa mwisho waliokuwa bado wanapanda ulimi nje. Leo najua walikuwa wanayafuata magari yao yaliyoegeshwa chini. Siku ile sikuwa na hakika. Kabla sijafungua mdomo, Luhende alikuwa amesimama. "Mmeona nyie? Wanashuka kuwachukua wenzao." Kibanda kikaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja akasema kumbe hawa watu nao wana adabu. Kisha wote wakanigeukia nithibitishe, nami nikasema ndiyo, mtangazaji kasema hivyo hivyo, kule pia aliyepandishwa hushuka. Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu mwanzoni ilikuwa nzuri kuipita. Tangu siku ile hawakungoja mwisho wa mlima ili kujua nani kashinda. Walingoja waone watu wakishuka, na wakishawaona, waliinuka wakaenda kulala.

Wiki ya tatu Luhende akanialika kwao. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya Ijumaa, baba mwenye nyumba akaniazima baiskeli yake nyeusi, nzito, na Mama Siwema akanionya nisithubutu kuchelewa, kwani Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya milima na yeye amekwisha kuwatangazia watu mpaka sokoni. "Usipokuja nani atatuambia?" akauliza. Niliondoka na swali lile kifuani kama cheti. Sibwesa nilimkuta Kabula, mke wa Luhende, ambaye walikuwa hawajamaliza mwaka katika ndoa. Alitupa ugali, maziwa mgando na mlenda, na chai yenye michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na kila nilipoacha kula alinitazama hadi nikaendelea. Nililala chumba cha mbele, kwenye kitanda cha kamba, majembe yamechomekwa darini juu yangu. Nyuma ya ukuta mtu na mkewe waliongea Kisukuma. Sikuelewa kitu, isipokuwa neno "mwalimu" lililopita mara mbili, na mara ya pili Kabula alicheka kicheko cha mtu aliyefurahi. Nilijifunika shuka nikiwa nimejaa furaha ya kijinga. Kulikuwa na nyumba moja duniani ambamo ukutani nilitajwa kwa wema.

Alfajiri Kabula alimsaidia mumewe kufunga gunia la mchele kwenye baiskeli yangu, moja tu, huku ya Luhende ikibeba mawili. Alinitania kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu, lakini mimi nimepewa gunia siku ya pili, kwa hiyo nisijiite mgeni tena. Tulitembea, tukaendesha, tukatembea. Kufika saa nane tulikuwa chini ya Shuka Ukokote. Tukaiacha ya Luhende kwenye kivuli cha mti, tukaipandisha yangu, mimi usukani, yeye nyuma, na nasema ukweli kwamba nguvu tatu kati ya nne zilikuwa zake. Nilimsikia akihema mgongoni kwangu. Katikati alinitania kwamba mimi ndiye Kanga na yeye ndiye yule mwenye homa. Tulipofika juu nilikuwa sioni vizuri kwa jasho. Alinipa maji kwanza.

Upande wa pili wa kilele barabara ilianza kuteremka kuelekea Mpanda, nyeupe, ndefu, tupu. Nilitazama jua. Nilipiga hesabu ninayowafundisha watoto: kushuka nusu saa, kupanda tena saa nzima na zaidi, halafu safari iliyobaki. Nisingefika. Nilikiona kile kiti cha plastiki hakina mtu, na watu wa sokoni wamejaa wakiulizana ticha yuko wapi. Luhende alikuwa amekwisha kuanza kushuka, gongo mkononi. Akageuka kuona kama namfuata. "Tangulia," nikamwambia. "Nakaza huu mpira wa kufungia gunia, nakuja." Akainua mkono, akaendelea kushuka, akakata kona. Mpira haukuwa umelegea. Nikapanda baiskeli nikaondoka. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nilisita, kwa sababu kusita kungenisaidia kidogo, lakini sikumbuki kusita. Nakumbuka upepo mzuri usoni, na kwamba nilikuwa na haraka ya kwenda mahali ninapohitajiwa.

Kibanda kilijaa mpaka nje. Waliniona wakanipigia makofi, Mama Siwema akafuta kiti changu kwa khanga. Sijawahi kutafsiri vizuri kama jioni ile. Kanga alitoroka akiwa na wenzake watano, akawaacha mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama, sauti imenikauka, nikiwapa watu homa na ugomvi na mama wanaolia nyumbani. Alipovuka mstari mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Kisha wakatulia, wakangoja. Kamera ikachelewa. Ikaonyesha maua, ikaonyesha mabango, na hatimaye wale wenye makoti wakatokea wakiteremka. Kibanda kikapumua. Yule mzee wa siku zile akanipiga bega, akaniambia, "Wanaume hao, mwalimu. Wanashuka." Ndipo nilipokumbuka. Sisemi nilikuwa nimesahau. Nasema ndipo kitu chenyewe kiliponifikia. Nilikaa. Nilikuwa katikati ya watu wengi kuliko wakati wowote mwaka ule, na nilikuwa peke yangu kuliko hata kule chumbani.

Watu walikwisha kutawanyika na usiku ulikuwa umekwenda sana Luhende alipofika. Sikuwa nimeondoka; nilikuwa namsaidia Mama Siwema kupanga mabenchi. Aliegemeza baiskeli mlangoni, magunia yote mawili juu yake, akaingia, akakaa benchi la mbele. Vumbi lilikuwa limefanya michirizi kwenye shingo. Mkono wa kulia ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko. Alitazama runinga iliyozimwa, halafu akanitazama mimi, bila hasira, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia.

"Walishuka?" akauliza.

"Walishuka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamshukuru Mama Siwema kwa maji, akaenda na mzigo wake.

Yaliyotokea kule niliyasikia Jumatatu kwa mama lishe, kwenye benchi langu la mwisho. Mbeba mizigo mmoja aitwaye Shija alikuwa anamsimulia mwenzake mgongo ukiwa umenielekea. Alisema walimkuta Luhende chini ya mlima amekaa kando ya baiskeli yake. Wakataka wampandishe. Akakataa, akasema mwenzangu anashuka. Wakapandisha zao, wawili wawili, wakashuka kufuata nyingine, wakamkuta pale pale, wakamwambia tena, akawaambia tena mwenzangu anashuka, asije akanikosa hapa akahangaika. Waliondoka wakamwacha. Shija alisema yeye anafikiri alingoja mpaka jua lilipoanza kulegea, ndipo akafungua mzigo, akabeba gunia moja moja begani mpaka juu, na mara ya tatu akapandisha baiskeli. Mwenzake akauliza huyo aliyekuwa anangojwa ni nani. Shija akasema hakumtaja.

Kwa wenzake hakumtaja siku ile wala baadaye. Tulikutana tena, akanisalimia, akauliza habari za shule. Nilimwambia nitakuja siku moja tubebe tena, akasema mzigo siku hizi ni mdogo, anakwenda mwenyewe. Nilingoja anitukane. Niliomba anitukane, maana matusi yana jibu, nami nilikuwa na majibu mengi tayari: watu walikuwa wananingoja, nilijua una nguvu, nilidhani Shija yuko nyuma. Heshima haina jibu. Ligi ikafunguliwa, vijana wa mpira wakarudi, kiti changu akakikalia mwingine. Kabla mwaka haujaisha niliomba uhamisho. Treni ilipoondoka Mpanda sikuwa na wa kumpungia, na safari hii nilijua sababu. Sikumwandikia. Nilijiambia nitakwenda likizo ijayo, halafu ijayo, na kila mwezi wa saba popote nilipokuwa nilitafuta zile mbio, na wale wenye makoti walipoanza kuteremka nilizima.

Nililala Mpanda usiku mmoja na asubuhi nikakodi bodaboda. Luhende alikuwa amezikwa siku mbili zilizopita. Barabara imepanuliwa na mlima umechongwa, kijana wa bodaboda hakujua hata kama una jina. Nilimwomba anishushe kileleni, atangulie na mkoba wangu aningoje chini. Akaniuliza kama pikipiki yake imenitisha. Nikamwambia hapana, nimekuja kwa ajili ya kuushuka huu mlima. Nilishuka kwa miguu, magoti yakilalamika, nikihesabu kona. Chini hakukuwa na ule mti, na hakukuwa na mtu isipokuwa yule kijana akitazama simu.

Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, khanga imefungwa kiunoni, amenenepa, macho yale yale. Hakunitambua mara moja. Aliponitambua alinisalimia Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu," kama niliondoka wiki iliyopita, na akaagiza niletewe maji. Watoto wao wakubwa walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Morogoro, maneno marefu, ya mwalimu, nikayaacha yote. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama," nikasema, "siku ile mlimani mimi ndiye niliyemwacha. Sikurudi."

 Kabula akainama akaokota bakuli la kunawia, akaliweka kati yetu.

"Hiyo habari tunaijua," akasema. "Kila mwezi wa saba akiwatazama wale Wazungu wake alikuwa anaisimulia. Watoto wakimuuliza, baba, kwa hiyo yule mwalimu hakurudi? Alikuwa anawakataza kusema hivyo. Alisema, aliniambia anakuja, kwa hiyo amechelewa tu." Akamimina maji, akangoja mikono yangu. "Sasa umefika. Nawa, ule."